Inchi mbili zinatosha, pikapu yako si ngamia

Kama una pikapu na unaishi Turkana, lazima kuna siku mtu alikutazama, akatazama gari, akasema: "Boss, hii kitu inataka kuinuliwa." Labda alikuwa fundi. Labda dereva mwenzako. Labda ni wewe mwenyewe, baada ya kukesha TikTok ukitazama vijana wa Australia na Thailand wakipandisha Hilux juu ya mawe makubwa kuliko nyumba. Sasa unataka yako pia isimame juu, watu wa Lodwar wageuke wakiona unapita. Nakuelewa. Lakini kabla hujampigia fundi simu, nipe dakika kumi.

Msimamo wangu nausema mapema. Inua, sikukatazi. Lakini inua inchi mbili tu, uzitoe kwenye tairi na springi, halafu uwachie hapo. Inchi ya tatu na ya nne ni za kupigiwa picha, na kaunti hii pikapu haibebi picha. Inabeba watu.

Mtu wa Nairobi akisikia tunainua magari anadhani ni ushamba au ni flexing. Aje akae hapa mwezi mmoja. Lodwar imekaa kando ya Turkwel, na upande ule mwingine kuna laga ya Kawalase. Kakuma nayo ina Tarach. Laga ni mto usio na maji mpaka siku una maji. Asubuhi unavuka kwenye mchanga mkavu, jua linachoma, hakuna hata wingu. Mvua inanyesha huko mbali milimani ambako huoni, na jioni ukirudi unakuta maji ya rangi ya chai yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Toka kidogo nje ya barabara kuu, uende Lorugum, Letea ama Oropoi, unakutana na mawe yanayogonga difu na kingo za laga zinazokwangua bampa. Kwa hiyo kuinua gari kulianza kama shida ya kweli.

Na barabara kuu yenyewe, ukiwa na miaka ishirini na kitu kama mimi, unaikumbuka vizuri. Ile lami ya zamani ya kutoka Kitale ilichakaa mpaka madereva wakaihama. Walikuwa wanaendesha kando yake kwenye vumbi, lami imelala pale katikati kama mgonjwa. Malori ya chakula cha msaada yalipita hapo kwenda Kakuma tangu kambi ifunguliwe mwaka 1992, na mengine yakaendelea hadi Lokichoggio na Sudan. Gari la chini lilikuwa haliwezi. Fundi akikuinulia pikapu enzi hizo alikuwa anakuokolea sampu ya oili.

Halafu lami mpya ikaja, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na safari iliyokuwa inakula siku sasa unamaliza kabla chai haijapoa kwenye thamosi. Hapa ndipo naona watu hawajabadilisha hesabu. Pikapu iliyoinuliwa kwa ajili ya mashimo, iliyokuwa ikitembea kilomita 30 kwa saa, leo inakimbia 110 kwenye lami laini, upepo wa kando unapiga, na mbele kuna mbuzi wanavuka. Kimo kile kile kilichokuokoa jana ndicho kitakulaza ubavu leo ukikata usukani ghafla.

Nifanye hesabu kidogo, ya darasa la nane tu. (Niliacha diploma ya makanika mwaka wa pili, karo ilikatika. Hesabu haikukatika.) Chukua upana kati ya tairi la kushoto na la kulia, ugawe kwa mbili. Halafu gawa hiyo nusu kwa kimo cha kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote wa gari unapokutana, kutoka chini. Jibu likishuka, gari linapinduka kwa urahisi zaidi. Tuseme pikapu ina upana wa sentimita 150, nusu ni 75, na uzito wake uko sentimita 75 juu ya ardhi. Jibu ni 1. Ukiinua sentimita kumi, yaani inchi nne, 75 gawa kwa 85, unapata 0.88. Sasa paki magunia nyuma, watu wakae juu ya magunia, kitovu kipande hadi sentimita 100 hata bila kuinua: 0.75. Unganisha vyote viwili: 0.68.

Umeona? Mzigo unaokaa juu unaharibu hesabu kuliko lifti yenyewe, na lifti inakuja kumalizia kazi. Vijana wa video hubeba friji moja na hema. Wewe unabeba mahindi, mbuzi sita, mama mja mzito anayekimbizwa hospitali, na vijana wanne waliokaa ukingoni mwa bodi miguu ikining'inia. Sheria inakataza abiria nyuma ya pikapu, najua, wewe pia unajua, na askari pia anajua. Lakini kijiji ambacho matatu haifiki, pikapu ndiyo matatu, ndiyo ambulensi, ndiyo gari la harusi na la matanga. Ndiyo maana nakuzungusha hivi juu ya inchi mbili.

Haya, tufanye kazi. Kitu cha kwanza hakigharimu hata shilingi: pima. Egesha gari mahali tambarare, likiwa tupu, kisha pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa mdongodongo juu ya tairi. Fanya pembe zote nne, uandike kwenye simu. Pikapu nyingi za huku hazikutengenezwa chini, zimechoka tu. Springi za nyuma zimebeba kupita kiasi miaka kumi zikanyooka kama rula, upande wa dereva umeshuka kuliko wa pili. Gari kama hilo halihitaji kuinuliwa, linahitaji kurudishwa lilikotoka. Nenda kapime pikapu nyingine ya modeli hiyo hiyo ambayo haijateswa, ulinganishe. Unaweza kugundua inchi mbili zako ulikuwa nazo, umezipoteza tu njiani.

Halafu tairi. Tairi ndiyo njia ya pekee ya kuinua ile difu yenyewe. Weka springi ndefu, weka bloku, weka chochote, chesi itapanda lakini lile tumbo la difu litabaki pale pale likingoja jiwe, kwa sababu ekseli imekaa kwenye tairi. Hesabu yake ni rahisi: unapata nusu ya kipenyo ulichoongeza. Hilux nyingi za zamani zilikuja na 205R16. Ukienda 235/85R16, kipenyo kinaongezeka sentimita sita na kitu, ekseli inapanda sentimita tatu hivi. Hiyo tayari ni zaidi ya inchi moja, na hujagusa bolti yoyote ya springi.

Bei yake nyingine hutaiona dukani. Tairi hilo kubwa linazunguka polepole zaidi, kwa hiyo kama mita yako ilikuwa sahihi, ikikuambia 80 wewe uko 87. Gia ya tano itakuwa nzito. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, tena gari likiwa limebeba, uone kama tairi linalamba mdongodongo au chesi. Na tafadhali soma umri wa tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na bado limekaushwa na miaka. Kwa joto la Lodwar, na lami inayowaka saa nane mchana, tairi la namna hiyo linapasuka bila kubisha hodi. Miiba ya mathenge iko tayari inakungoja, usiisaidie.

Na kabla sijaacha tairi: mchangani shida si kimo. Nimeona vijana wameinua gari wakidhani sasa Kawalase itawapisha, wakazama pale pale walipozama mwaka jana. Mchanga unataka tairi pana na laini. Punguza upepo hadi kama pisiai 18 au 20, tairi litambae, uvuke polepole bila kukanyaga mafuta kwa hasira. Hiyo ni bure kabisa. Sharti moja: uwe na pampu, ujaze tena kabla hujarudi kwenye lami, kwa sababu tairi laini kwenye mwendo wa kasi linachemka na kupasuka.

Sasa springi, hapa ndipo pesa ndogo hufanya kazi kubwa. Ukienda kwa wauzaji wa Nairobi watakuonyesha seti kamili za kutoka Australia, Old Man Emu na wenzao, vitu vizuri, sina ubishi. Ukiulizia bei unaweza kuamua kununua ngamia. Lakini springi za majani, zile vyuma vilivyopangwa moja juu ya nyingine, fundi wa jua kali anaweza kuzishughulikia vizuri kama anajua chuma.

Anaweza kuongeza jani moja. Jani liwe na upana sawa na mengine, unene unaokaribiana, na mpindo unaozidi kidogo ili lisukume. Atalipata kwenye springi ya gari lililokufa. Ama anaweza kuyapinda upya majani yako, akiyagonga yakiwa baridi, nyundo kubwa juu ya kipande cha reli, kidogo kidogo kutoka katikati kwenda pembeni. Ukimwona fundi anawasha gesi apashe jani moto mpaka liwe jekundu ili lipinde haraka, simama. Mwambie kwa heshima, "Fundi, hapo tuwache." Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto maalum ndiyo kiwe na nguvu ya kurudi. Ukikipasha jikoni kwako na kukiacha kipoe chenyewe, kinakuwa chuma cha kawaida. Kitasimama vizuri wiki mbili, halafu kitalala, ama kitakatika. Kuchomelea jani la springi lililokatika ni hadithi hiyo hiyo. Hata kama welda ni mkali namna gani, usikubali.

Springi iliyopindwa kwa nyundo pia itarudi chini baada ya muda, nisikudanganye. Lakini ni kazi ya bei nafuu, inafanyika hapa hapa, na ikishuka inashuka pole pole ukiiona. Na gari lenye jani la ziada linakuwa gumu likiwa tupu, linakurusha kama punda. Weka mzigo, linatulia. Kama wewe hubebi mzigo, hulihitaji hilo jani. Unahitaji bushi mpya na shoki nzuri tu. Shoki zenyewe, ukiinua inchi mbili, hakikisha hazijanyooka hadi mwisho gurudumu likining'inia. Shoki isiposhikilia urefu huo inakuwa ndiyo kamba inayozuia ekseli, na itang'oka.

Kuna wale wanaorefusha shakeli, yale masikio mawili yanayoshika mwisho wa springi kwenye chesi. Ni rahisi, ni vipande vinne vya bapa na matundu. Watu wengi hawajui kwamba ukirefusha kwa inchi mbili unapata inchi moja tu, kwa sababu upande wa pili wa springi haujasogea. Kwa hiyo mtu anayetaka inchi tatu anatengeneza shakeli ya kuchekesha, ndefu kama mguu wa korongo, gari linayumba kando kila ukipita shimo. Nyuma, ongezeko dogo linavumilika kama bapa ni nene na limetobolewa kwa drili, si kwa moto. Mbele, kwenye magari yenye springi za majani mbele, shakeli ndefu inabadilisha pembe ya ekseli na usukani unapoteza ile tabia ya kujirudisha wenyewe. Unakuwa unalishikilia gari kama unashika fahali pembe.

Bloku ndiyo njia inayopendwa zaidi kwa sababu ni ya haraka: kipande cha chuma kati ya ekseli na springi, yubolti ndefu, umemaliza kabla ya chakula cha mchana. Kwa ekseli ya nyuma, bloku moja ya chuma kizima, inchi moja hadi mbili, yenye kitundu na kichwa cha kuingia kwenye bolti ya katikati isiteleze, hiyo nakubali. Bloku juu ya bloku nakataa. Bloku ya mbao nakataa, hata kama mathenge ni mgumu namna gani. Na bloku kwenye ekseli ya mbele, kataa mbele ya fundi, mbele ya rafiki zako na mbele ya Mungu. Ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele, ekseli inataka kujiviringisha, na bloku ikichomoka usukani hauna kazi tena.

Yubolti ziwe mpya. Zile za zamani zilishavutwa zikarefuka, ukizikaza tena hazishiki vile. Muuzaji atakwambia hizi bado ziko poa. Yeye hatakuwa kwenye gari.

Magari ya juzi juzi mbele hayana ekseli moja, kila gurudumu lina mkono wake. Hapa kuna makundi mawili. Nissan Hardbody, Hilux za miaka ya 1990 zenye mikono, na Isuzu D-Max za kwanza kabla ya 2012 zinatumia tosheni, ule mwamba mrefu wa chuma unaojipinda, umelala kando ya chesi. Hiyo unaweza kuinua bure: jeki na spana. Inua gurudumu lining'inie, kaza bolti ya kurekebisha, hesabu mizunguko, fanya sawa pande zote mbili. Inchi moja, moja na nusu, basi. Hujaongeza springi hapo, umesogeza tu pale gari linaposimama, kwa hiyo nafasi ya gurudumu kushuka shimoni imepungua kwa kiasi hicho hicho. Ukikaza hadi mwisho, mkono wa juu unagonga kizuizi chake kila shimo na sivi zinakunjika kupita kipimo. Utasikia tak-tak-tak ukikata kona. Hiyo ni pesa inalia.

Kundi la pili ni zenye koili: Hilux kuanzia Vigo, D-Max kuanzia 2012. Wengi huweka spesa juu ya koili, kipande cha alumini au nailoni kinachochongwa na mtu wa leth. Sikiliza vizuri, kwa sababu hapa vijana wengi wanaharibu gari bila kujua. Koili haijakaa pale gurudumu lilipo, imekaa katikati ya mkono. Spesa ya inchi moja juu ya koili inainua gari karibu mara mbili ya hapo. Mtu anachonga spesa ya inchi mbili akidhani anapata mbili, anapata karibu nne, sivi zinakaa kwenye pembe ya ajabu, bolijointi imefika mwisho wa safari yake. Spesa yako isizidi inchi moja. Na ukishamaliza, mbele ya gari ipelekwe alaimenti, la sivyo tairi mpya litalika upande mmoja na utarudi dukani upesi.

Kuinua kebini peke yake juu ya chesi, kwa kuweka mapande kwenye maunti, nitaipita haraka. Haikuinulii difu, haikuinulii chesi, inavuta waya, mabomba na mti wa usukani, na feni inaweza kuanza kula kava ya rejeta. Ni sura tu.

Kuna kitu kimoja ambacho nikimuuliza fundi naye akaniangalia bila kujibu, nahamisha gari. Hilux nyingi zina vali ya breki ya nyuma iliyofungwa kwa fimbo kati ya chesi na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa limebeba, chesi inashuka, vali inaruhusu breki ya nyuma kufanya kazi zaidi. Likiwa tupu, chesi iko juu, vali inapunguza ili nyuma isifunge na kuteleza. Sasa wewe umeinua nyuma. Vali inadhani gari ni tupu siku zote. Umebeba tani moja ya mahindi na breki za nyuma ziko likizo. Dawa yake ni kipande kidogo cha bapa cha kurudisha ile fimbo kwenye pembe yake ya awali. Kazi ya nusu saa. Angalia pia mpira wa breki unaotoka kwenye chesi hadi ekseli: gurudumu likining'inia kabisa, mpira usiwe umekazika kama kamba ya gitaa. Na propela: ukihisi mtetemo mpya kwenye mwendo wa 60 baada ya kuinua, krosi zimekaa vibaya na zitakwisha.

Nirudi kwenye maji, kwa sababu najua ndiyo sababu halisi ya wengi wenu kusoma mpaka hapa. Gari likiinuliwa, je, nitavuka laga ikiwa imejaa? Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya na jamaa wa harusi lilijaribu kuvuka mto Enziu, Mwingi, maji yakipita juu ya daraja. Lilikuwa basi, si pikapu. Watu zaidi ya 30 walikufa. Maji ya sentimita 30 yanayokimbia yanatosha kuelea gari dogo, na sentimita 60 zinaweza kubeba pikapu. Fanya hesabu: bodi ya gari yenye upana wa mita 1.7 na urefu wa 4.5, kila sentimita kumi maji yanapopanda juu ya sakafu yanasukuma gari kwenda juu kwa nguvu ya kilo 700 na zaidi. Pikapu ya tani mbili inakuwa nyepesi kama mtumbwi haraka sana. Inchi mbili zako zimekununulia sentimita tano za maji. Maji ya Tarach yakiwa yanapanda hizo zinakwisha wewe bado unajadiliana na abiria. Ngoja. Zima gari, nunua chai, ngoja. Laga hushuka.

Sasa, nani akufanyie kazi hii? Hapa nina kijineno. Baadhi ya mikono mizuri ya springi na welding katika kaunti hii iko ndani ya kambi. Kakuma kuna mafundi kutoka Kongo, Ethiopia, Somalia, Sudan Kusini, watu waliokuwa wakitengeneza malori kwenye barabara mbaya kuliko zetu. Don Bosco pale imefundisha makanika na wachomeleaji, wakimbizi na wenyeji, kwa miaka mingi. Lakini mkimbizi anayetaka kutoka kambini kuja Lodwar anahitaji kibali cha kusafiri. Kwa hiyo fundi anayejua kupinda springi baridi amefungiwa kilomita 120 kutoka mahali ambapo mtu mwingine anapasha springi moto kwa gesi. Kaunti inatangaza mafunzo ya vijana kila mwaka. Badala ya fulana na kofia, walipie fundi mmoja wa Kakuma akae Lodwar miezi mitatu na vijana wa Kanamkemer, na karatasi zake zishughulikiwe. Hiyo itazuia gari kupinduka kuliko bango lolote la usalama barabarani.

Mpaka wakati huo, gari ni lako la kupeleka. Chukua mzigo wa Kakuma siku ya kawaida, upitie kwa fundi hapo. Mwambie unataka inchi ngapi kabla hajashika spana, kwa sababu ukimwachia aamue atakupa zile zinazoonekana. Kama gari lako ni la biashara, kumbuka lina ukaguzi kila mwaka, na kampuni ya bima uiambie ulichobadilisha. Ikigundua yenyewe siku ya ajali itakuwa na sababu nzuri ya kukukwepa.

Na kama kazi imefanyiwa Lodwar, endesha pole hadi Kakuma, usizidi 80. Ukifika, kabla hujashusha mzigo, lala chini na spana ukaze yubolti zote tena, maana safari ya kwanza lazima zilegee kidogo. Giza likiingia, egesha mbele ya ukuta uangalie taa. Nyuma ikipanda kuliko mbele, taa zinatazama lami ya karibu na huoni mbali. Mbele ikipanda, unampofusha dereva wa lori anayetoka Lokichoggio. Skrubu ziko nyuma ya taa, mbili kila upande. Zungusha mpaka mwanga ukatike chini kidogo ya kimo cha taa zenyewe.